Pikapu inakula oili: ubadilishe sili, ufungue ringi, au utafute injini nyingine?

Kila anayeniambia pikapu yake inakula oili namuuliza: kiasi gani? Jibu huwa "nyingi mno" au "kila wiki naongeza". Sasa wiki ya kilomita 200 na wiki ya kilomita 2,000 hazifanani, na kuongeza kwa mmoja ni robo lita, kwa mwingine ni kopo zima. Bila namba huwezi kulinganisha tengenezo lolote na lingine. Fundi naye atabahatisha kama wewe, na kubahatisha kwenye injini kuna tabia ya kuanzia kwenye kazi kubwa.

Nimepita huko. Pikapu yangu, ya petroli, silinda 4, ilianza kumaliza oili kabla ya kufika sevisi. Fundi wa kwanza alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, akaona upepo unapuliza, akageuka: "Bosi, ringi zimekwisha. Tushushe injini." Ringi ni pete za chuma zinazoizunguka pistoni ndani ya silinda. Nikaomba siku mbili za kufikiri. Injini haikushushwa, na nitaeleza kwa nini. Ila siwezi kumcheka yule fundi, kwa sababu dalili aliyoiona ilikuwa ya kweli. Alichokosea ni chanzo.

Namba kwanza

Egesha mahali tambarare injini ikiwa imepata moto. Zima, subiri dakika 10 oili ishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vuta kijiti, kifute, kirudishe, kivute tena. Jaza mpaka alama ya juu, andika kilomita. Kuanzia hapo pima kila baada ya kilomita 300 hivi, mahali palepale, na ukiongeza tumia chupa yenye mistari ya vipimo. Ukifika kilomita 1,000 au 1,500 una jibu. Kwenye injini nyingi kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita 1, kwa hiyo hata kijiti peke yake kinakupa picha.

Kiasi gani ni kingi? Watengenezaji wengi wanajilinda kwa kuandika kiwango kikubwa. Utakuta kitabu kinakubali hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 au 2,000 kabla ya kuita hiyo hitilafu. Mimi nina kipimo kikali zaidi. Chini ya robo lita kwa kilomita 1,000, injini iliyotembea sana, naiacha. Nusu lita, naanza kutafuta. Ikifika lita nzima sisubiri, maana hapo mtu akisahau kupima wiki mbili anaweza kuendesha na sampu tupu. Na tusidanganyike na taa ya oili kwenye dashibodi: kwenye magari mengi inapima presha, si kiwango. Ikiwaka, beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) zimeshaanza kulia njaa.

Mitego miwili kwenye kupima. Wapo wanaojaza kupita alama ya juu "iwe akiba". Kranki ikiifikia oili inaipiga povu, ukungu wake unapanda kwenye mpumuo (njia ya kutolea gesi iliyomo ndani ya injini) na kuchomwa, na mtu anaona injini imezidi kula. Mtego wa pili ni wa dizeli za kisasa zenye chujio la masizi kwenye ekzosi: chujio likijisafisha, dizeli kidogo huweza kuteremka hadi kwenye oili. Kiwango kinabaki palepale, au hata kupanda, huku oili yenyewe inapungua. Ukiona kijiti kinanuka dizeli, hesabu yako haina maana mpaka ubadilishe oili na kuanza upya.

Inavuja au inachoma?

Hapa sitakaa. Tandika kadibodi chini ya injini usiku, kisha asubuhi angalia. Lakini pikapu nyingi zina bamba la chuma chini ya injini, na bamba hilo linameza matone, lifungue kwanza. Kuna uvujaji unaotokea gari likiwa linatembea tu: sili ya kranki ya nyuma, au tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inayodondosha juu ya ekzosi ya moto. Huoni tone, unasikia harufu ya oili iliyoungua ukisimama kwenye taa. Dizeli za zamani zenye pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, kagua altaneta yenyewe kama imelowa. Fungua redieta ikiwa baridi, uone kama kuna utando wa oili. Kama kila sehemu ni kavu, oili inaondokea kwenye ekzosi, na ndipo uamuzi mgumu unapoanza.

Sili za vali dhidi ya ringi

Watu wengi wanajua moshi wa bluu ni oili. Kinachosaidia zaidi ni *lini* moshi huo unatoka.

Sili ya vali ni kikofia kidogo cha mpira kinachokaa juu ya shina la vali na kufuta oili isiteremke ndani. Joto la miaka linakigeuza kigumu kama plastiki. Gari likilala usiku, oili iliyobaki juu ya hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali) inateremka pole pole pembeni ya shina na kusubiri. Asubuhi ukiwasha, wingu moja la bluu, dakika moja, kisha linaisha. Dalili ya pili inaonekana kwenye mteremko: umeachia mafuta, injini inashikilia gari, ndani ya mainifodi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) kuna mvuto mkali unaonyonya oili kupitia sili. Ukikanyaga tena chini ya mteremko, wingu linatoka nyuma. Mwombe mtu akufuate na gari jingine, wewe huwezi kuliona vizuri kwenye kioo.

Ringi zinatenda tofauti. Moshi unakuja unapokanyaga, unapopanda mlima na mzigo, na unaendelea. Kifuniko cha oili kikifunguliwa kuna mapigo ya upepo, kwa sababu gesi ya mwako inapita pembeni ya pistoni na kuingia chini. Oili inakuwa nyeusi mapema kuliko kawaida.

Kama gari lina kichujio cha gesi kwenye ekzosi na bado ni kizima, kinaweza kuunguza moshi huo usiuone kabisa, huku kikijiua taratibu. Hivyo kutoona moshi si ushahidi wa kutokula oili.

Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Kwangu nilizipanga kwenye gazeti, 1 hadi 4. Tatu zilikuwa na rangi ya biskuti. Ya 3 ilikuwa na ganda jeusi lenye mng'ao upande mmoja tu, upande uliokuwa umeelekea vali ya kuingizia. Plagi iliyolowa upande mmoja hunifanya nifikirie sili. Iliyolowa yote, mpaka kwenye uzi, hunifanya nifikirie ringi. Si sheria, lakini imenisaidia mara nyingi.

Halafu kompresheni, yaani presha ambayo silinda inajenga pistoni ikibana hewa. Injini iwe na moto, plagi zote nje, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, pedeli imekanyagwa hadi mwisho, betri ina nguvu. Petroli nzima kwa kawaida inatoa kama psi 150 hadi 200. Dizeli iko juu zaidi, 400 na kitu. Tofauti kati ya silinda na silinda inaeleza zaidi kuliko namba yenyewe: ikizidi asilimia 10 au 15, kuna jambo. Silinda dhaifu itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba nafasi ya ringi, kwa hiyo ringi au ukuta wa silinda umelika. Isipopanda, angalia vali au gasketi ya hedi.

Sasa sehemu ambayo watu wengi, mafundi wakiwemo, wanaikosea. Kompresheni nzuri haithibitishi kwamba ringi ni nzima. Pistoni ina ringi mbili za juu za kubana gesi, na ya tatu chini yake ya kukwangua oili. Geji inapima zile mbili. Ile ya tatu ikishikwa na masizi ndani ya mfereji wake, au matundu madogo yanayorudisha oili nyuma ya ringi yakiziba, silinda itasoma psi 180 huku injini inakunywa lita. Injini ya Toyota ya 2AZ-FE iliyowekwa kwenye magari ya kuanzia karibu 2006 hadi 2009 ilijulikana kwa tatizo la aina hii, na Toyota ililazimika kugharamia pistoni na ringi za muundo mpya kwa magari mengi. Kwa hiyo mtu akikwambia "kompresheni iko safi, basi ni sili tu", mwambie bado.

Kipimo kinachoona mbali kidogo ni cha kuingiza upepo wa kompresa kwenye silinda pistoni ikiwa juu, vali zimefungwa, na kusikiliza unakotokea. Ukivuma kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Kwenye ekzosi au mainifodi, ni vali. Mapovu kwenye redieta, ni gasketi au ufa. Na siku hizi kuna kamera nyembamba inayopita tundu la plagi: kichwa cha pistoni kilichooshwa kikang'aa pembezoni, pale masizi yalipopaswa kuwepo, kinaonyesha oili inapanda kutoka chini.

Mpumuo wa injini dhidi ya kila kitu kingine

Hapa ndipo pikapu yangu ilipotibiwa kwanza. Kila injini inavuja gesi kidogo kwenda chini hata ikiwa mpya, na gesi hiyo lazima itolewe. Kwenye petroli kazi hiyo inafanywa na vali ndogo ya PCV inayoirudisha kwenye mainifodi. Ikikwama imefunga, presha inajengeka ndani ya injini: inasukuma oili kwenye sili, kwenye gasketi, na kupitia mpira wa pili hadi kwenye eya klina (boksi la chujio la hewa). Ikikwama imefunguka, mainifodi inanyonya ukungu wa oili bila kizuizi.

Nilipofungua boksi la eya klina, nusu ya chujio ilikuwa imelowa oili. Huo ndio ulikuwa ushahidi ambao yule fundi hakuutafuta. Nikachomoa vali ya PCV, injini ikiwa inaunguruma, nikaweka kidole kwenye mdomo wake: hakuna mvuto. Nikaitikisa sikioni: kimya, wakati nzima inapaswa kugonga kidogo kama punje ndani ya kopo. Mpira wake, nilipoukata kwa kisu, ulikuwa na tundu la ndani lisilopitisha hata njiti ya kiberiti. Upepo aliouona fundi kwenye kifuniko ulikuwa gesi ya kawaida iliyokosa njia.

Vali mpya, mpira mpya, kazi ya nusu saa. Ulaji ukashuka kutoka karibu lita 0.9 hadi lita 0.4 kwa kilomita 1,000. Haukuisha. Wingu la asubuhi lilibaki, na hilo lilikuwa la sili. Injini iliyozeeka inaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja, ndiyo maana ninasema anza na ndogo: ungeanza na ringi, usingejua kamwe kipi kilichosaidia.

Dizeli haina mvuto wa namna hiyo kwenye mainifodi, kwa hiyo kuna briza (mpumuo wa dizeli) yenye kitenganishi cha oili, mara nyingine na kiwambo cha mpira ndani ya tapeti kava. Kiwambo kikipasuka au kitenganishi kikijaa uchafu, matokeo ni yaleyale.

Dizeli yenye tabo: mshitakiwa wa ziada

Fungua mpira unaotoka kwenye tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) kwenda intakula (kipoza hewa hiyo). Utando wa oili ni kawaida. Oili inayotiririka si kawaida. Shika shafti ya tabo kwa vidole: kucheza kidogo sana kwenda kando kunavumilika kwenye nyingi, lakini ikisogea mbele na nyuma imekwisha.

Kabla ya kununua tabo nyingine, hakikisha bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo halijaziba na kwamba briza inapumua. Oili ya tabo inarudi kwa kushuka yenyewe. Ikikuta bomba limebanwa au sampu ina presha, inatafuta njia ya kutokea kwenye sili, hata za tabo jipya. Nimeona tabo jipya likilaumiwa kwa wiki mbili kumbe kosa ni bomba la unene wa kidole.

Na hili lisisubiri: tabo linalomwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa linaweza kufanya dizeli ikajiendesha kwa oili yake yenyewe. Injini inapanda mizunguko yenyewe, ukizima swichi haizimi. Gari la gia za mkono: weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi, izimike. Otomatiki, kinachobaki ni kuikata hewa kwa kitu kigumu na bapa, kama ubao, kisichoweza kuvutwa ndani. Kamwe usitumie mkono wala kitambaa.

Oili nzito, dawa za kopo, na kusafisha ringi

Kupanda kutoka 5W-30 hadi 5W-40 au 10W-40 kunapunguza ulaji kwenye injini iliyolegea, kiasi fulani. Oili nyepesi pia huwa zinapotea kwa mvuke zaidi kwenye joto. Lakini nzito haitibu kitu, na kwenye injini zinazobadilisha muda wa kufunguka kwa vali au zinazozima baadhi ya silinda, mifereji myembamba inayotumia oili kama mkono wa kusukuma haipendi mabadiliko makubwa. Fuata madaraja ambayo kitabu kinayataja. Vitabu vingi vinataja zaidi ya moja kulingana na joto. Oili za "kilomita nyingi" zina viungo vya kulainisha mipira, na kwa sili zilizoanza tu kukauka zinaweza kusaidia. Dawa za kopo zinazofanya oili iwe kama asali, mimi huziita dawa za kuuzia gari.

Kusafisha ringi ni habari nyingine, na kuna mantiki. Kama ringi ya oili *imekwama* kwa masizi na haijalika, kuyeyusha masizi kunaweza kuiachia. Plagi nje, pistoni zote ziwe katikati, mimina kimiminika cha kuyeyushia masizi kila silinda, acha usiku kucha, ongeza kikishuka. Kesho yake funika matundu ya plagi kwa matambara na uzungushe injini plagi zikiwa *bado nje*. Ukisahau na kuzungusha zikiwa ndani, kimiminika hakibanwi, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) inapinda. Kisha mwaga oili yote kabla ya kuwasha, kwa kuwa kilichoshuka kimeichafua na kuilainisha.

Matokeo? Kati ya pikapu tatu ninazozijua kwa karibu zilizofanyiwa hivyo, moja ilipona kabisa, moja ikapungua kwa nusu, ya tatu haikubadilika kitu. Ile ya tatu kuta za silinda zilikuwa na mikwaruzo ya wima. Mwenyewe aliendesha miezi na mpira wa eya klina uliopasuka, vumbi likaingia moja kwa moja. Vumbi ni mchanga, na mchanga hakuna dawa ya kuutengua. Pitisha kidole ndani ya mpira *baada* ya chujio: kikitoka na vumbi, usijisumbue na kusafisha ringi.

Nikiziweka pembeni kwa pembeni:

| Njia | Ukubwa wa kazi | Inafaa pale ambapo | Ni hasara pale ambapo |
|---|---|---|---|
| Vali ya PCV, briza, mipira | Dakika hadi saa chache | Eya klina ina oili, hakuna mvuto, sili zinatoka jasho | Karibu haipo. Ifanye kwanza |
| Kusafisha ringi | Siku mbili, kazi nyepesi | Kompresheni nzuri, moshi wa kukanyaga, historia ya oili iliyochelewa kubadilishwa | Kuta zimekwaruzika |
| Sili za vali | Siku moja au mbili, hedi ikiwa mahali pake | Wingu la asubuhi na la baada ya mteremko | Bushi za vali (vishikilio vya mashina yake) zimelika |
| Ringi mpya | Injini kufunguliwa | Silinda bado ziko ndani ya vipimo | Silinda zimepanuka au zimekuwa yai |
| Ovahoo na kuchonga bloku | Wiki au zaidi | Gari zima bado ni zuri, unakusudia kukaa nalo | Fundi hana vifaa vya kupimia |
| Injini nyingine iliyotumika | Siku chache | Bloku imepasuka, au gari haliwezi kusimama | Hujaipima kabla ya kuifunga |

Sili za vali zinastahili maneno zaidi, kwa sababu wengi huambiwa lazima hedi ishuke. Si lazima. Kwangu tulitumia kamba. Unashusha pistoni kidogo, vali za silinda hiyo zikiwa zimefungwa, unaingiza kamba laini kupitia tundu la plagi mpaka ijae, halafu unazungusha kranki taratibu kwa spana hadi pistoni iibane kamba dhidi ya vali. Vali haianguki tena. Unabonyeza springi, unatoa vile vipande viwili vidogo vinavyoifunga, unang'oa sili kuukuu na kusukuma mpya. Kabla ya yote, ziba kwa matambara kila tundu la kurudishia oili kwenye hedi. Kipande kimoja kikidondoka humo, kinaishia kwenye sampu na siku yako imekwisha. Sili za zamani nilizozibana kwa kucha zilivunjika kama biskuti. Kabla ya kurudisha springi, tikisa shina la vali kando: likicheza waziwazi, bushi imelika, na sili mpya itadumu kidogo tu. Hapo hedi ishuke kweli, iende kwa mtu wa mashine.

Muundo wa kiwandani

Kabla ya kufungua injini, ulizia kama mtengenezaji ametoa waraka wa kiufundi kwa injini yako. Pikapu za Chevrolet Silverado na GMC Sierra za kuanzia 2007, zenye V8 ya lita 5.3 inayozima silinda 4 zisipohitajika, zilikuwa na malalamiko mengi ya kula oili. Sehemu ya chanzo ilikuwa vali ya kupunguza presha iliyorusha oili kwenye kuta za silinda kutoka chini, na mpumuo uliovuta ukungu kupitia tapeti kava. GM ilitoa kinga ya bati ya kuweka juu ya vali hiyo, na tapeti kava mpya. Mtu aliyebadilisha ringi peke yake bila vitu hivyo viwili alirudi alikotoka, kwani oili iliendelea kurushwa palepale.

Ford nayo, kwa F-150 ya lita 5.0 ya kuanzia 2018, ilitoa programu mpya ya kompyuta ya injini pamoja na kijiti kipya cha kupimia oili. Wenye magari walicheka sana kuhusu hicho kijiti, na sikuwalaumu. Lakini upande wa programu una maana: mvuto ndani ya mainifodi wakati wa kuachia mafuta ndio unaonyonya oili, na mvuto huo unatawaliwa na kompyuta.

Ringi mpya, ovahoo kamili, au injini nyingine?

Ukifika hapa umeshaondoa yote madogo. Swali linaamuliwa na vipimo vya silinda. Silinda ya pikapu iliyofanya kazi inapanuka zaidi juu kuliko chini, na mara nyingi inakuwa yai kidogo kwa sababu pistoni inasukuma upande mmoja. Ringi mpya ya duara kwenye silinda ya yai haikai. Fundi anayesema "tutaweka ringi tu" bila kutoa geji ya kupimia ndani ya silinda, mshukuru na uondoke.

Silinda ikiwa ndani ya vipimo: ikwaruzwe upya kwa mawe maalumu, ipate mistari ya kukatishana inayoshika oili, ioshwe kwa maji na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Ringi ipimwe nafasi ya ncha zake ikiwa ndani ya silinda. Kwa kipenyo cha milimita 90 hadi 100 mara nyingi inaangukia karibu milimita 0.3 hadi 0.4, kitabu ndicho cha mwisho. Alama iangalie juu, ncha za ringi tatu zisipangane. Nimeona injini iliyofungwa vizuri yote ikala oili kwa sababu ncha za springi ya ringi ya oili zilipandana badala ya kukutana.

Silinda ikizidi vipimo, inachongwa na kuwekewa pistoni za ovasaizi, kwa kawaida milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, au inavikwa slivu (ukuta mpya wa ndani). Hiyo ndiyo ovahoo, na ukishafika huko usibane: beringi, sili, pampu ya oili, hedi, vyote viguswe. Baada ya hapo injini inataka kufanya kazi. Kuiacha inaunguruma tu saa nzima kunang'arisha kuta kabla ringi hazijashika. Iendeshe kwa mzigo wa wastani, mizunguko ikipanda na kushuka, na ubadilishe oili mapema, kilomita 500 hadi 1,000. Itaendelea kula kidogo kwa kilomita elfu moja au mbili za kwanza, usimkimbilie fundi.

Injini iliyotumika inavutia kwa haraka yake. Tatizo ni kwamba unabadilisha ugonjwa unaoujua na usioujua. Kama huwezi kuipima kompresheni kabla ya kununua, angalau fungua kifuniko cha oili uone kama kuna tope jeusi, toa plagi zote, na zungusha kranki kwa mkono. Mipira, sili na vali ya PCV ibadilishe ikiwa chini, kabla haijaingia kwenye gari, kwa sababu hapo ni kazi ya dakika. Hakikisha pia nyaya na kompyuta vinalingana, na namba ya injini mpya iingizwe kwenye hati za gari.

Mimi, bloku ikiwa nzima, napendelea ovahoo mbele ya injini ya kununua, hata kama inachukua muda mara tatu. Ila sharti liwe moja: mtu wa mashine anakupa karatasi ya vipimo vya kila silinda, kabla na baada. Asiyeandika, sipeleki bloku.

Na kuongeza tu, je?

Ni njia halali, na sipendi inavyodharauliwa. Piga hesabu: gari linatembea kilomita 20,000 kwa mwaka na linakula nusu lita kwa kila 1,000. Hizo ni lita 10, kama sevisi mbili za injini ya lita 5. Linganisha na gharama ya kufungua injini, utaona miaka mingapi ya kuongeza inalipia ovahoo moja. Likila lita 1.5, ni lita 30 kwa mwaka, plagi zinachafuka, na kichujio cha ekzosi au chujio la masizi vinajaa majivu ya oili yasiyochomeka. Hapo hesabu inageuka. Kosa la wanaochagua njia hii ni kudhani kuongeza kunafuta sevisi. Chujio la oili ni lilelile, na uchafu unabaki. Badilisha kwa wakati wake, au hata mapema.

Yangu, baada ya PCV na sili 16, inakula kama lita 0.15 kwa kilomita 1,000. Nina chupa ya lita moja nyuma ya kiti na kalamu imefungwa kwa uzi kwenye kijiti. Ringi bado zile za kiwandani.